Mkono wa Birika

Nikisema kwamba mdogo wangu Philip Odhiambo aliwahi kuitwa mkono wa birika, wanaomjua hunikatalia. Philip, ambaye ukimwomba chumvi anakupa na samaki wa kuitilia! Lakini aliitwa bahili, tena mchana kweupe, pale kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, Thika, mwaka wa hamsini na tano. Mimi Selpha nilikuwepo. Aliyemwita hivyo namjua, na hasira niliyoipata siku hiyo mabaki yake bado ninayo.

Nilikuwa nimetoka kwetu Alego kuja kumsaidia wifi yangu, Wilkister, mke wa Philip, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Niliahidi kukaa mpaka mtoto atambae, basi. Lakini mimi si mtu wa kukaa kitako nikifukuza nzi. Niliposikia kuna darasa la wanawake kila Jumatano katika ukumbi wa kiwanda, nilijifunga leso nikaenda kuona kuna nini.

Mwalimu wetu aliitwa Magdalene. Alikuwa nesi Mkikuyu wa zahanati ya shamba moja la kahawa kule Ruiru, mwanamke mfupi, viatu vyake vimepigwa rangi vikang'aa, na sauti iliyomzidi kimo. Siku ya kwanza nilidhani atatufundisha kushona vitambaa vya meza. Akafungua kikapu akatoa mifupa ya mbuzi aliyoipata kwa mwenye bucha.

"Mfupa huu una kichwa," akasema, "na huu una kikombe. Kichwa kikikaa ndani ya kikombe, mkono unazunguka vizuri. Kikitoka nje, hapo kiungo kimeteguka. Mfupa haujavunjika. Umehama nyumba tu."

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Alitufundisha dalili: umbo la kiungo hubadilika, mahali palipokuwa duara pakawa bapa, au pakachomoza pasipotakiwa, kiungo kinakataa kusogea kama mlango uliokwama, na maumivu yake ni ya kumtoa mtu machozi. Ukiona hivyo, usivute, usikande, usipake mafuta moto, maana pembeni kuna mishipa ya damu na ya fahamu, na unaweza kumharibia mtu mkono akiwa anakushukuru. Mfunge kiungo vile vile ulivyokikuta, gusa vidole uone kama vina joto, kisha mpeleke hospitali. Na juu ya yote, alisema, linganisha na mwenzake. Begani huelewi? Vua shati, tazama bega la pili. Goti hulielewi? Tazama goti la pili. Tulilikariri neno hilo hata watoto wakawa wanaliimba wakiruka kamba: linganisha na mwenzake!

Nami sikukawia kupata sifa. Mbula, jirani yetu, aliteleza pale bombani na debe la maji kichwani, akaangukia mkono. Watu wote wakapiga kelele kwamba umevunjika, na mzee mmoja akaja na samli tayari kuuvuta. Nilimfukuza. Nililinganisha viwiko vyake viwili nikaona kimoja kimechongoka kwa nyuma, nikamfunga vile vile na leso yangu mwenyewe, na daktari wa hospitali akasema ni kweli, kiwiko kimeteguka. Wiki nzima nilitembea kama kwamba daktari yule nimemzaa mimi.

Mume wa Mbula alikuwa Muthoka, mpakiaji wa mbao pamoja na Philip, mtu wa utani usio na breki. Mkumbukeni huyo.

Basi siku chache kabla ya Wilkister kujifungua, Philip alishika mashine ya kupasulia mbao ili aivute kidogo, na kumbe waya wake ulikuwa umechunika. Stima ilimkamata mikono yote miwili. Walioona walisema alitetemeka mwili mzima, mabega yamejikaza hadi masikioni, mpaka mtu akakimbia kuzima swichi, naye akaanguka chali. Alipozinduka alikuwa amekunja mikono juu ya tumbo, na hakuikunjua tena.

Boaz, dresa wa kiwanda, yaani mfunga vidonda wetu, alimpokea vizuri, sina la kumlaumu. Alimsikiliza moyo, akamfunga bendeji kwenye kiganja kilichoungua, kisha akamvua shati akalinganisha mabega. La kulia lilifanana na la kushoto. La kushoto lilifanana na la kulia. "Mifupa iko sawa," akasema. "Ni misuli imeshtuka. Apumzike."

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka mganga. Muthoka alisema stima imebaki mwilini na haitoki mpaka inywewe na udongo, akaleta karai la mchanga wenye maji, akamlazimisha Philip kukaa miguu ikiwa ndani, jioni nzima, kama miche ya kabichi. Wilkister, na tumbo lake lile, alicheka hadi akashika ukuta. Nami nikamvua Philip shati, nikalinganisha bega na mwenzake, nikaona yanafanana. Nilichukia kwamba yanafanana, maana ndugu yangu alikuwa hawezi kujilisha.

"Mikono imekataa," Philip aliwaambia watu wa kiwandani.

"Imekataa nini, kazi?" wakamjibu, wakacheka.

Mnajua Kiswahili kinavyosema juu ya mtu aliyekunja mikono: ni mvivu. Philip alikaa mlangoni, viwiko vimebana mbavuni, mikono imelala tumboni, viganja vinatazama mwilini. Mtu akimpa mkono wa salamu, yeye anaitikia kwa kichwa. Watoto waliozoea kupewa njugu kutoka mfukoni mwake walisimama wakaondoka. Siku moja Muthoka alipita akamwomba kiberiti, Philip asiweze kukitoa, na Muthoka akasema kwa sauti ya kusikika hadi bombani, "Haya jameni, Philip amekuwa mkono wa birika. Umejipinda kuelekea kwake mwenyewe!" Jina likashika.

Wilkister akajifungua msichana. Kwetu mtoto wa kike hutolewa nje siku ya tatu, na pale kwenye nyumba za kiwanda, ambapo Mjaluo alikaa ukuta kwa ukuta na Mkamba na Mluhya, tulikuwa tumejiundia desturi yetu: jirani wa kike humtoa mtoto ndani, na baba humpokea mlangoni kwa mikono miwili, viganja juu, watu wote wakitazama. Baba akishapokea, maneno yamekwisha. Asipopokea, mtoto huyo atakua na swali nyuma yake, na mama yake pia. Hakuna aliyelisema, lakini kila mtu alilijua.

Asubuhi hiyo watu walijaa uani. Mbula alimtoa mtoto, amefungwa shali nyeupe, akamnyooshea Philip. "Pokea binti yako, baba."

Philip aliinua mikono kidogo ikakwama. Alijaribu tena. Akaegemea nyuma kwa mwili mzima, jasho linamtiririka, na kwa waliokuwa wakitazama ilionekana kama kwamba anarudi kinyumenyume, anamkimbia mtoto. Mbula alibaki amenyoosha mikono hadi ikachoka.

"Mkono wa birika," Muthoka akasema, safari hii bila kucheka, "hata kwa damu yake."

Wilkister alitoka akamchukua mtoto kwa Mbula, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Nilimwendea Philip nikiwa na nia ya kumzaba kofi, mdogo wangu wa tumbo moja, mbele za watu. Hasira ilinipanda hadi kwenye meno. Lakini nilipofika karibu niliona machozi, na nikaona kitu kingine. Mtu anayekataa mtoto haegemei nyuma namna ile. Yule alikuwa anatafuta njia ya kugeuza viganja, na kwa kuwa mikono haikugeuka, aligeuza kiwiliwili.

"Philip, nyoosha mikono mbele. Geuza viganja vitazame juu."

Alijaribu. Viganja vilitazamana, kimoja na kingine, vikaishia hapo.

"Dada, haviendi," alisema. "Nimejaribu tangu siku ile. Haviendi."

Sikusubiri. Nilimvalisha koti mabegani, nikamwambia Mbula amwangalie Wilkister, na tukapanda gari moshi kwenda Ruiru, kwa sababu nilikuwa na ugomvi na mwalimu wangu.

Tulimkuta Magdalene nyumbani kwake nyuma ya zahanati, anachagua maharagwe na mumewe, Muigai, fundi wa mabomba ya shambani. Hata maji sikunywa. "Mwalimu," nikasema, "kanuni yako imetuangusha. Boaz amelinganisha, mimi nimelinganisha, bega na mwenzake ni sawasawa, na huyu mtu hawezi kupokea mtoto wake!"

Magdalene alimtazama Philip, hakunitazama mimi. "Ilikuwaje?" akamwuliza. Philip akamweleza habari ya stima, jinsi alivyotetemeka, mabega yakajikaza. Magdalene akaacha maharagwe.

"Mikono yote miwili?"

"Yote miwili, mama."

Akanigeukia. "Selpha, mtu na mwenzake wakianguka shimo moja, utajuaje wameanguka ukiwalinganisha wao kwa wao?"

Nikatazama bega la kulia la Philip, kisha la kushoto.

"Hata mimi sikuwahi kuliwaza hilo," alisema polepole. "Nilisema 'mwenzake' nikimaanisha mkono wa pili. Sasa mkono wa pili nao ni mgonjwa. Basi mwenzake ni nani?" Akamgeukia mumewe. "Muigai, vua shati. Simama hapa, karibu na mwenzako."

Muigai alikuwa mtu mpole. Alivua shati bila kuuliza, na wanaume wale wawili wakasimama ubavu kwa ubavu kwenye jua. Ngai, akasema Magdalene. Nami nikashangaa kwa Kijaluo, yawa, kwa sababu hata kipofu angeona. Bega la Muigai lilikuwa duara kwa mbele. Ya Philip yote mawili yalikuwa bapa kwa mbele, na ncha ya mfupa imechomoza chini ya ngozi; kwa nyuma yamevimba, kila moja kama limeficha yai. Muigai alinyoosha mikono, viganja vikageuka juu bila kufikiri. Vya Philip vilitazamana.

"Vichwa vimehama nyumba," Magdalene alisema. "Vimetokea nyuma. Misuli ikikazwa na stima inaweza kuvisukuma huko. Philip, mikono yako haijakataa kazi. Imefungiwa mlango. Na kila siku inayopita, mlango unazidi kuwa mgumu. Twende."

Hakumvuta, hata nilipomsihi. Alimfunga kila mkono vile vile ulivyokuwa kwa kitambaa cha pembetatu, akaweka pamba kwapani, akagusa vidole vyote, akavaa gauni lake jeupe. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na Mkikuyu hakusafiri kama atakavyo. Pasi ya Magdalene ilimruhusu kufika Thika Jumatano tu, au akimsindikiza mgonjwa. "Leo nina mgonjwa," akasema, na tukapanda basi la kwenda hospitali ya Thika.

Hatujafika mbali na Ruiru, askari wakasimamisha basi. Wote nje! Tukapangwa kando ya barabara. Mkubwa wao, Mkamba mrefu ambaye wenzake walimwita Nzau, akapaza sauti: "Mikono juu!"

Mikono ikapanda, ya wazee, ya akina mama, yangu. Ya Philip ikabaki tumboni, chini ya koti. Koti lenyewe ndilo lililonitia hofu, maana mtu akificha mikono chini ya koti mwaka ule, askari hakusubiri kujua ameshika nini. Nzau alimwelekezea bunduki.

"Wewe! Mikono juu, nimesema!"

"Haiwezi, bwana," Philip akasema.

"Haiwezi? Nitaifanya iweze!"

Magdalene, mikono yake ikiwa juu, alitoka kwenye mstari hatua moja, akasema kwa sauti ile ile ya darasani, "Bwana askari, ondoa koti uangalie. Kisha nitakuomba kitu kimoja."

Nzau alilivuta koti kwa mtutu wa bunduki likaanguka. Akaona vitambaa viwili. "Anatembea mwenyewe," alisema, bado na shaka. "Mgonjwa gani anatembea? Huyu anajifanya."

"Mpe mwenzako bunduki, unyooshe mikono yako mbele. Viganja juu."

Sijui ni nini kilimfanya atii. Labda ni lile gauni jeupe, labda ni ile sauti. Alimpa mwenzake bunduki, akanyoosha mikono yake mirefu mbele ya basi zima, viganja juu, kama mtu anayepokea chakula kwa mkwewe. Magdalene akamlegezea Philip vitambaa taratibu. "Nawe, Philip, jitahidi."

Philip alijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nzau alitazama viganja vyake, akatazama vya Philip. Akazunguka nyuma, akatazama mabega. Abiria nao wakashusha mikono yao bila ruhusa, kila mmoja anageuza viganja vyake juu, chini, juu, kujihakikishia.

"Aisee," Nzau alisema. "Yametoka yote mawili."

"Yametoka yote mawili," Magdalene akakubali. "Linganisha na mwenzake."

Nzau aliokota koti kutoka mavumbini, akalikung'uta, akamwekea Philip mabegani mwenyewe. Pasi ya Magdalene hakuisoma. Alimwambia dereva aendeshe polepole, asimrushe mgonjwa kwenye mashimo.

Hospitalini daktari alimsikiliza Magdalene hadi mwisho. Picha ya kwanza ya mifupa, iliyopigwa kwa mbele, haikumridhisha. Akaagiza nyingine ya kutoka ubavuni, akaiinua dirishani, akatuita tuione. Vichwa vya mifupa vilikaa nyuma ya vikombe vyake, kulia na kushoto. Alisema hata madaktari huwakosa wagonjwa wa namna hii, kwa sababu ni wachache na mabega yao yanafanana. Akauliza, "Nani aliyetambua?"

Nilidhani Magdalene atasema ni yeye, na angekuwa na haki. Alinishika mkono. "Darasa langu," alisema. "Huyu aliona viganja, mimi nikaona mabega. Tunafundisha kila Jumatano." Nimepata mengi maishani, nimeona wajukuu, nimejenga nyumba ya mabati. Lakini sijasimama wima tena kama nilivyosimama pale.

Walimpa Philip dawa ya usingizi, wakarudisha mabega mahali pake, moja baada ya jingine, kisha wakamfunga asiyasogeze. Wiki za kufungwa zile Wilkister alimlisha uji kwa kijiko, mtoto mgongoni, na hakusema kitu kuhusu siku ile ya mlangoni. Nilimweleza yote, alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Najua aliniamini. Lakini kuamini ndani ya nyumba ni kitu kimoja, na uani, mbele ya watu walioona, ni kitu kingine.

Siku Philip alipofunguliwa, Magdalene alikuja, maana ilikuwa Jumatano. Darasa zima likaja naye. Boaz alikuja, na alikuwa amekwisha kuwaeleza madresa wenzake kuhusu stima na mabega. Muthoka alikuja amebeba birika la chai, jipya, la kuomba msamaha, akasimama nalo pembeni asijue aliweke wapi.

Philip alitoka akasimama mlangoni. Mabega yake yalikuwa yamekonda, lakini yalikuwa duara. Hakungoja kuambiwa. Alinyoosha mikono mbele, polepole, akageuza viganja. Vilitetemeka, vikaendelea kugeuka, vikatazama juu kabisa. Mbula alipiga kigelegele, na mimi nikalia, sikatai.

Ndani, Wilkister alikuwa anamwogesha mtoto. Nilimsikia akimwaga maji, akitafuta ile shali nyeupe. Philip alikuwa amesimama vile vile, mikono mbele, wazi, mitupu, watu wote wa nyumba za kiwanda wakiitazama.

"Wilkister, harakisha basi!" nikamwita. "Mikono itamchoka!"

"Mwache asimame," alijibu kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa inacheka. "Nataka waione vizuri."